Ideali za tresi na vigawo vya sifuri: kwa nini I·I⁻¹ imekupa jibu jingine

*"Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya hisabati na tasnifu yangu inahusu ideali za tresi. Karibu kila makala niliyosoma inaanza na domeni, na humo nimejifunza mambo mawili: tresi ya ideali I ni I·I⁻¹, na I ni ideali ya tresi kama I⁻¹ ni ringi. Msimamizi wangu anataka nipeleke matokeo hayo kwenye ringi zenye vigawo vya sifuri. Aliniambia niondoe fildi ya sehemu na kuweka ringi kamili ya sehemu Q, mengine yatajipanga. Nimejaribu kwa R = k[x,y]/(x², xy, y²) na I = (x). Kwa fomula napata (x). Kwa fasili ya homomofizimu napata (x,y). Nimerudia hadi nimechoka. Nimekosea wapi? Na je, nijifungie kwenye ideali zenye angalau elementi moja isiyo kigawo cha sifuri ili nimalize, au nitafute mada nyingine?"*

Marahaba. Nikutoe hofu kwanza: hesabu zako zote mbili ni sahihi. Katika ringi hiyo tresi ya (x) ni (x,y), na zao la I na I⁻¹ ni (x). Kilichokuponza ni kudhani kwamba tresi na I·I⁻¹ ni kitu kimoja kila mahali. Usawa wao una sharti, na kwenye domeni, yaani ringi isiyo na kigawo cha sifuri (elementi isiyo sifuri ambayo ikizidishwa na nyingine isiyo sifuri hutoa sifuri), sharti hilo linatimia lenyewe, kwa hiyo waandishi hawalitaji. Wewe umefika pale lisipotimia.

Turudi kwenye fasili. Chukua ringi komutativu R yenye 1, na moduli M juu ya R. Tresi ya M, tuiandike tr(M), ni ideali inayozalishwa na taswira za homomofizimu zote kutoka M kwenda R. Humo hakuna kugawanya wala sehemu yoyote. Katika nadharia ya mwanahisabati Morita, aliyoichapisha mwaka 1958, tresi ndiyo inayoamua kama moduli ni jenereta: ni jenereta pale tr(M) inapokuwa R nzima. Na huko ringi hazilazimiki hata kuwa komutativu, sembuse kuwa domeni. I⁻¹ ilikuja kama njia ya mkato ya kuhesabia.

Ideali I inaitwa ya tresi ikiwa ni tresi ya moduli fulani. Jambo utakalolitumia kila siku ni hili: I ni ya tresi ikiwa, na ikiwa tu, kila homomofizimu f: I → R inaipeleka I ndani ya I yenyewe. Uthibitisho ni mfupi. Tuseme I = tr(M), na chukua f yoyote kutoka I kwenda R. Kila g: M → R inaangukia ndani ya I kwa fasili, kwa hiyo f baada ya g ni homomofizimu nyingine kutoka M kwenda R, na taswira yake lazima nayo iwe ndani ya tr(M), yaani I. Taswira za hizo g ndizo zinazojenga I, basi f(I) haiwezi kutoka nje ya I. Upande wa pili ni rahisi zaidi: kama f zote zinabaki ndani, tr(I) iko ndani ya I, na homomofizimu ya kuiacha kila elementi ilivyo inatosha kuonyesha kwamba I iko ndani ya tr(I). Hakuna mahali tulipohitaji domeni.

Sasa I⁻¹ inatoka wapi? Chukua a na b ndani ya I, na f: I → R. Elementi ab unaweza kuisoma kwa namna mbili, hivyo

a·f(b) = f(ab) = b·f(a).

Kama a si kigawo cha sifuri, gawanya pande zote kwa a ndani ya Q, yaani ringi ya sehemu zote ambazo asili yake si kigawo cha sifuri. Unapata f(b) = b·(f(a)/a) kwa kila b. Kwa maneno mengine, f ni kuzidisha tu kwa sehemu moja, q = f(a)/a. Kila homomofizimu imegeuka kuwa sehemu, na seti ya sehemu zinazoileta I ndani ya R ndiyo tunayoiita I⁻¹. Hapo tr(I) = I·I⁻¹ inapatikana bila jasho.

Angalia tulichotumia: elementi moja tu ndani ya I isiyo kigawo cha sifuri. Ideali ya namna hiyo nitaiita ideali regula. Katika domeni kila ideali isiyo sifuri ni regula. Nje ya domeni mlinganyo a·f(b) = b·f(a) bado ni kweli, ila huna cha kugawanyia.

Rudi sasa kwenye ringi yako. Elementi za R zina umbo c + αx + βy, ambapo c, α na β ni namba za fildi k, na zao la x, y kwa namna yoyote ni sifuri. Kila elementi yenye c isiyo sifuri ina kinyume, na kila elementi yenye c = 0 ni kigawo cha sifuri. Kwa hiyo Q = R; kuingia kwenye ringi kamili ya sehemu hakukuongezea kitu. I⁻¹ ni R nzima, na I·I⁻¹ ni (x). Lakini homomofizimu inayopeleka x kwenye y ipo kabisa. Ili iwe halali inatosha kila kinachoiangamiza x kiiangamize na y. Kinachoiangamiza x ni ideali m = (x,y), na m inaiangamiza y pia. Je, kuna r ndani ya R inayotimiza rx = y? Hakuna, kwa sababu (c + αx + βy)x = cx. Homomofizimu hii ipo, na hakuna sehemu inayoiwakilisha. Fomula haiwezi kuiona, fasili inaiona, na ndiyo maana umepata majibu mawili.

Hilo lilikuwa swali lako kuu. Ila kuna jambo jingine kwenye barua yako ambalo usipolirekebisha litakusumbua hata huko kwenye domeni. Umesema I ni ya tresi kama I⁻¹ ni ringi. Hapana. Kwa ideali regula kipimo sahihi ni I⁻¹ = (I:I), yaani kila sehemu inayoileta I ndani ya R inaibakiza ndani ya I. Hilo likitimia, I⁻¹ ni ringi kweli, lakini huwezi kurudi kinyumenyume. Chukua domeni R = k[[t³, t⁴, t⁵]], mifululizo ya vipeo vya t isiyo na t wala t², na I = (t³, t⁴). Ndani ya I vipo t³, t⁴, t⁶, t⁷ na kuendelea, ila t⁵ haimo. Ukihesabu I⁻¹ utapata k[[t]], ambayo ni ringi bila ubishi. Sasa zidisha: t iko ndani ya I⁻¹, t⁴ iko ndani ya I, na t·t⁴ = t⁵. Kwa hiyo I·I⁻¹ imeipita I, na I si ideali ya tresi. Fanya hesabu hii kwa mkono wako mara moja. Ukikutana tena na sentensi ya "I⁻¹ ni ringi" utaisoma kwa jicho jingine.

Baada ya mfano wako, wengi hurukia hitimisho kwamba vigawo vya sifuri ndivyo vinavyoharibu fomula. Si hivyo. Tazama R = k[x,y]/(xy), mistari miwili inayokutana kwenye nukta moja. Hapa x na y ni vigawo vya sifuri, na ideali (x²) si regula. Hata hivyo fomula inafanya kazi. Kinachoiangamiza x² ni (y), ambacho kinaiangamiza x pia, kwa hiyo kuna homomofizimu inayopeleka x² kwenye x. Je, kuna sehemu inayoiwakilisha? Ipo. Elementi x + y si kigawo cha sifuri, na x(x + y) = x², hivyo kuzidisha kwa 1/(x + y) kunageuza x² kuwa x. Tulidhani tunahitaji kugawanya kwa x, jambo lisilowezekana, kumbe x + y inaifanya kazi hiyo. Tresi ya (x²) ni (x) kwa njia zote mbili.

Tofauti ya ringi hizi mbili iko kwenye Q. Katika mfano wa mistari miwili, Q ni zao la fildi mbili, na ringi ya namna hiyo ni injektivu juu ya nafsi yake: homomofizimu yoyote kutoka ideali ya Q kwenda Q inaweza kupanuliwa hadi Q nzima, na homomofizimu kutoka Q kwenda Q ni kuzidisha kwa q fulani. Basi kila f: I → R inapata sehemu yake, iwe I ni regula au la. Andika hivi kwenye tasnifu: *ikiwa Q ni injektivu juu ya nafsi yake, tr(I) = I·I⁻¹ kwa kila ideali I.* Ringi zote za Noether (ambazo kila ideali yake ina vizalishi vyenye idadi kikomo) zisizo na elementi nilpotenti (zisizo sifuri, ila zikizidishwa zenyewe mara kadhaa hutoa sifuri) zimo humo. Na hata nilpotenti peke yake si tatizo: k[x,y]/(x²) imejaa nilpotenti, ila Q yake ni k(y)[x]/(x²), ambayo ni injektivu, na fomula inasimama. Kwa hiyo ushauri wa msimamizi wako haukuwa wa hovyo. Ulikuwa na sharti ambalo halikutajwa.

Pale Q isipokusaidia utatumia viangamizi. Andika ann(J) kwa seti ya elementi zote zinazoizidisha J ikawa sifuri. Kwa ideali yenye kizalishi kimoja a, homomofizimu yoyote inaamuliwa na mahali inapoipeleka a, na inaweza kuipeleka kwenye c yoyote inayoangamizwa na kila kinachoiangamiza a. Kwa hiyo

tr(aR) = ann(ann(a)).

Hakuna sharti lolote hapo. Kama a si kigawo cha sifuri, ann(a) = 0 na tresi ni R nzima. Kama a ni kigawo cha sifuri, tresi inabanwa. Kwa ideali yoyote I, tr(I) iko kati ya I na ann(ann(I)), maana kinachoiangamiza I kinaziangamiza taswira zake zote. Kwenye domeni mpaka huu wa juu hauna maana, ni R tu. Kwenye ringi zako ndio wenye habari. Papo hapo unajua kwamba kila ideali ambayo ni kiangamizi cha kitu ni ideali ya tresi. Na kila ideali yenye I² = I ni ya tresi pia, kwa kuwa f(ab) = a·f(b) haitoki ndani ya I.

Linganisha ℤ na ℤ/12 uone jinsi mambo yanavyopinduka. Ndani ya ℤ ideali za tresi ni mbili tu, 0 na ℤ yenyewe. Ndani ya ℤ/12 ideali zote ni za tresi. Kwa mfano kinachoiangamiza 4 ni (3), na kinachoiangamiza 3 ni (4), basi tr((4)) = (4). Vigawo vya sifuri vimeongeza ideali za tresi badala ya kuzipunguza.

Hilo linatupeleka kwenye matokeo ninayoyapenda katika eneo hili. Chukua ringi ya Artin (ambayo kila mnyororo wa ideali zinazopungua hukoma) iliyo lokali, yaani yenye ideali moja tu ya upeo, m. Ideali zake zote ni za tresi ikiwa, na ikiwa tu, ni ringi ya Gorenstein. Haydee Lindo na Nina Pande ndio walioliweka wazi. Upande mmoja unaweza kuuona kwa mfano wako. Elementi zinazoangamizwa na m zinaunda nafasi ya vekta inayoitwa sokeli, na Gorenstein hapa maana yake ni kwamba sokeli ina dimensheni 1. Ikiwa na zaidi, chagua a na b humo zisizotegemeana: zote zinaangamizwa na m ileile, kwa hiyo unaweza kupeleka a kwenye b, na (a) haiwi ya tresi. Ringi yako ina sokeli ya dimensheni 2, x na y. Kumbe ulipokuwa unahangaika na majibu mawili, ulikuwa unapima kwamba R si ya Gorenstein.

Sasa tasnifu yako. Kujifungia kwenye ideali regula kunawezekana, na ni salama: uthibitisho mwingi wa kwenye domeni utapita na mabadiliko madogo. Ila nikuambie ukweli, mtahini makini atauliza umeongeza nini. Fontana, Huckaba na Papick walishughulikia domeni zenye sifa ya tresi miaka ya 1980, na Huckaba huyohuyo alitoa kitabu kizima kuhusu ringi komutativu zenye vigawo vya sifuri mwaka 1988. Kuhamisha neno "domeni" likawa "regula" ni kazi ya sura moja, si ya tasnifu.

Ningekuwa wewe ningeanza na sura hiyo, kisha ile ya Q injektivu, halafu ningeingia kwenye swali la pale fomula inapokataa: pengo kati ya I·I⁻¹ na tr(I) lina ukubwa gani, na linasema nini kuhusu R? Hapo una mifano ya kutosha kwa sababu kuna njia rahisi ya kuitengeneza. Chukua ringi A na moduli N, unda jozi (n, u), n ikitoka A na u ikitoka N, na zidisha hivi: (n, u)(n′, u′) = (nn′, nu′ + n′u). Ringi yako ni hiyohiyo, A = k na N = k². Jaribu A = ℤ na N = ℤ/2. Kinachoiangamiza b = (2, 0) ni jozi za umbo (0, u), na kinachoziangamiza hizo ni jozi zote ambazo n yake ni shufwa. Basi tr(bR) ina (0, 1) ndani yake. Lakini bR ina jozi (2n, 0) tu. Hapa elementi zisizo vigawo vya sifuri ni zile ambazo n yake ni witiri, kwa hiyo asili ya sehemu zako ni witiri daima, na I·I⁻¹ inabaki bR ileile. Pengo limetokea tena, safari hii kwenye ringi ambayo si ya Artin na imejengwa kwa namba kamili za kawaida.

Kuhesabu tresi kwa ideali zenye vizalishi vingi usitegemee viangamizi peke yake. Andika matriksi ya mahusiano ya vizalishi, igeuze safu ziwe safuwima, tafuta vizalishi vya kerneli yake, kisha chukua ideali inayozalishwa na namba zote zilizomo kwenye vizalishi hivyo. Hiyo ndiyo tresi, iwe ringi ina vigawo vya sifuri au haina. Kwa mfano wako mahusiano ya kizalishi kimoja x ni x na y. Ukigeuza, kerneli ni elementi zinazoangamizwa na zote mbili, yaani (x,y). Programu ya Macaulay2 inafanya kazi hii bila malipo, na inakwenda hata kwenye kompyuta ndogo. Kutafuta kilichokwisha andikwa, hifadhidata ya hisabati zbMATH iko wazi kwa kila mtu tangu 2021, na makala nyingi za tresi za miaka ya karibuni ziko arXiv, zikiwemo za Lindo kuhusu ringi za endomofizimu na za Herzog, Hibi na Stamate kuhusu tresi ya moduli kanoniki.

Kubadilisha mada sioni sababu. Ila kuna mambo ambayo jibu la kuandikiana halitoshi. Kama ringi zako si za Noether, tahadhari sana na kulokalisha (kuongeza sehemu zenye asili fulani ulizochagua): tr(M) inakwenda vizuri na kulokalisha pale M inapokuwa na vizalishi na mahusiano yenye idadi kikomo, vinginevyo kila hatua inahitaji mtu akae na wewe ubaoni. Hali kadhalika kama kanuni za chuo chako zinadai pendekezo lililoidhinishwa lisibadilishwe bila kibali. Hilo lizungumze na idara kabla hujaandika sura mpya.

Na msimamizi wako usimwendee na maneno "fomula yako si sahihi". Nenda na ukurasa mmoja: mlinganyo a·f(b) = b·f(a) juu, mfano wa (2, 0) chini yake, na swali moja, kama anataka mbaki kwenye Q injektivu au mlifuate pengo. Mtu wa aljebra akiuona mlinganyo ule atajua mara moja kilichokwama, na mtaanza kuzungumzia ringi badala ya kuzungumzia nani alisema nini.